Kufundisha jiografia sekondari nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwalimu wa jiografia wa kidato cha kwanza hadi cha nne, hasa yule mwenye ubao, chaki na darasa lililojaa. Tumekaa zaidi kwenye ramani, vipimo na kazi ya nje ya darasa, kwa sababu ndiko alama nyingi hupotelea, na ndiko mwanafunzi huanza kulipenda somo. Orodha ya mada zote iko kwenye silabasi, kwa hiyo hatutairudia.

Je, jiografia ni somo la lazima? Alama zinagawanywaje?

Ni la lazima kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, uliotayarishwa na Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala (NCDC), ulianza Februari 2020, na kundi lake la kwanza likafanya mtihani wa UCE (wa cheti cha mwisho wa kidato cha nne) mwaka 2024. Asilimia 20 ya matokeo hutokana na tathmini endelevu ya shuleni, na 80 hutokana na mtihani wa UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa.

Kwa hiyo ile shughuli ya ujumuishi ya mwisho wa mada, yaani kazi ya kuunganisha yaliyofundishwa, si karatasi ya kujazia faili. Mwalimu anayeisubirisha hadi wiki ya mwisho ya muhula huishia kuwapa wanafunzi wote alama zinazokaribiana, na hana cha kuonyesha akiulizwa alizipataje. Hifadhi kazi yenyewe: ramani aliyoichora mwanafunzi, jedwali lake la mvua, ukurasa wake wa mahojiano. Andika tarehe juu yake siku hiyo hiyo.

Nina wanafunzi 90 na karatasi tano za ramani. Nifanyeje?

Usiwagawe katika vikundi vya watu 18. Watatu wataiona ramani, 15 wataangalia migongo ya wenzao.

Tafuta karatasi ya 1:50,000 inayofunika eneo la shule yako. Idara ya Upimaji na Ramani iko Entebbe, na hata karatasi ya zamani inafaa, kwa kuwa vilima havihami. Chagua eneo la kilomita 5 kwa 5. Kwenye karatasi hilo ni sentimita 10 kwa 10, maana kila kilomita ni sentimita 2. Likuze mara tano juu ya manila: kila mraba wa gridi uwe na sentimita 10, na eneo lote litaingia ndani ya sentimita 50 kwa 50. Anza na gridi kwa penseli. Fuata mito, kisha kontua (mistari ya kimo kimoja) zile nene peke yake, ndipo barabara na majengo. Ukianza na barabara utajikuta unaisukuma mito ili ipite pembeni. Skeli yako mpya ni 1:10,000. Iandike, na uchore na mstari wa skeli chini yake. Manila tatu za namna hiyo, ukutani pande tatu za darasa, huhudumia watu 90 vizuri kuliko karatasi tano zinazopita mkono kwa mkono zikichanika.

Tahadhari moja kuhusu fotokopi. Ukipunguza ramani kutoka A3 kwenda A4, urefu wa kila kitu unabaki asilimia 71 hivi. Mraba uliokuwa na sentimita 2 sasa una 1.4, na "1:50,000" iliyoandikwa chini ni uongo: skeli ya kweli imekuwa karibu 1:70,000. Mwanafunzi aliyepima kwa uangalifu atapata jibu lisilo sahihi, na mwalimu atamkata alama isivyo haki. Mstari wa skeli hupungua pamoja na ramani, kwa hiyo wenyewe haudanganyi. Hakikisha umo kwenye kila nakala, na waagize wapimie huo.

Kwa nini wanafunzi hukosea marejeo ya gridi (namba za kutaja mahali kwenye ramani) kila mwaka?

Makosa ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kuanza na kaskazini. Waambie siku huanzia mashariki, na marejeo huanzia huko huko: namba zinazoongezeka kuelekea mashariki kwanza, zile za kaskazini baadaye. La pili ni kuchukua mstari ulio karibu zaidi na kitu, hata kama uko kulia kwake. Mstari sahihi ni wa kushoto, na kwa kaskazini ni wa chini, hata kama kitu kimekaribia kabisa kugusa ule unaofuata. La tatu ni kukisia tarakimu ya tatu kwa jicho. Kwenye 1:50,000 sehemu moja ya kumi ya mraba ni milimita 2. Rula inatosha: pima milimita kutoka mstari wa kushoto, gawanya kwa 2. Shule iliyo milimita 13 kulia kwa mstari wa 48 na milimita 7 juu ya mstari wa 35 iko 486353, kwa kuwa 13 ikigawanywa kwa 2 ni 6 na kitu, na 7 ni 3 na kitu. Hapa hatukadirii kwenda juu. Tunachukua sehemu ambayo kitu kimo ndani yake.

Dakika kumi za zoezi hili kila wiki kwa mwezi mzima zinashinda wiki moja nzima ya "mada ya ramani" ambayo hairudiwi tena.

Mchoro wa mkato (sura ya ardhi ikitazamwa ubavuni) na mteremko: wanafunzi wanapotea wapi?

Wanapotelea kwenye futi. Karatasi nyingi za zamani za Uganda zina kontua za futi, nyingi kila futi 50, wakati umbali wa chini unasomwa kwa kilomita. Mwanafunzi hugawanya futi kwa mita bila kujua.

Chukua mteremko. Kilele A kiko futi 4,150, daraja B liko futi 3,650, na kati yao ramani ina sentimita 4.2. Tofauti ya kimo ni futi 500, yaani mita 152.4, maana futi moja ni mita 0.3048. Sentimita 4.2 ni mita 2,100. Gawanya 2,100 kwa 152.4 upate 13.8: mteremko ni 1 kwa 14 hivi. Aliyegawanya 2,100 kwa 500 atakuambia 1 kwa 4, kilima ambacho boda boda ingekipanda kwa shida. Mzoeshe kujiuliza swali hilo la boda boda kabla hajafunga jibu.

Kwenye mkato kosa hilo hilo hurudi wakati wa kutafuta ukuzaji wa wima, yaani kimo kimekuzwa mara ngapi kuliko umbali. Tuseme kwenye mhimili wa wima sentimita 1 inasimama badala ya futi 200. Futi 200 ni sentimita 6,096, kwa hiyo ukuzaji ni 50,000 kugawanya kwa 6,096, yaani mara 8.2. Wengi hugawanya 50,000 kwa 200 na kuandika 250 bila kushtuka.

Kuhusu kuchora kwenyewe: weka ukingo wa kipande cha karatasi juu ya mstari wa A hadi B, tia alama kila kontua inapokatwa, na andika kimo pale pale kabla hujaihamisha karatasi. Nambari zikiachwa "nitakumbuka", bonde hugeuka kilima. Na vilele visiunganishwe kwa rula. Mchoro uwe na mkunjo laini, unaopita juu kidogo ya kontua ya mwisho bila kufika inayofuata.

Tunaweza kuwa na kituo cha hali ya hewa bila bajeti?

Mnaweza, na mvua ndiyo ya kuanza nayo. Chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka inatosha. Kata theluthi ya juu, igeuze iwe faneli ndani ya sehemu ya chini, na uzibe viungio kwa utepe wa gundi. Tia kokoto chini ili isiangushwe na upepo, kisha mimina maji hadi yafunike kokoto na kufika pale ubavu unapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri. Kutoka hapo kwenda juu bandika rula au chora milimita kwa kalamu isiyofutika. Usianzie sifuri kwenye kitako, maana kina mabonde, na milimita za kwanza zitakuwa za uongo. Kila baada ya kusoma, mwaga na urudishe maji hadi sifuri.

Weka mdomo wa chupa sentimita 30 juu ya ardhi, mahali penye nyasi, mbali na mti au paa kwa angalau mara mbili ya urefu wake. Jengo la mita 4 linataka mita 8. Soma saa tatu asubuhi kila siku, jicho likiwa sawa na uso wa maji.

Kama maabara ya sayansi ina silinda ya kupimia, tumieni mililita: gawanya mililita kwa eneo la mdomo kwa sentimita za mraba, zidisha kwa 10, upate milimita za mvua. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 8.5 una eneo la sentimita za mraba 56.7, kwa hiyo mililita 50 ni mvua ya milimita 8.8. Na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mwambie mwanafunzi apime bati za shule kwa hesabu hiyo, aone tangi lingejazwa na mvua ngapi. Hapo namba zinapata uzito.

Kinachoharibu rekodi ni Jumamosi na Jumapili. Jumatatu chupa ina maji ya siku tatu, na mwanafunzi aliyepewa zamu anayagawanya kwa tatu ili jedwali lipendeze. Msimruhusu. Iandikwe kama jumla ya siku tatu, na ieleweke hivyo. Jedwali lenye pengo la kweli lina thamani kuliko lililojazwa kwa kubuni.

Kipimajoto kinahitaji kisanduku cheupe chenye mbao za mshazari, kimo cha mita 1.2 hivi. Vitabu vya Ulaya vinasema mlango utazame kaskazini. Kwetu jua la adhuhuri huwa kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, kwa hiyo tengenezeni milango miwili, kaskazini na kusini, na mfungue ule wa upande ambao jua halipo. Fundi seremala wa mtaani atakitengeneza kwa mbao za mabaki.

Kwa bendera ya upepo: mshale huelekea upepo unakotoka, na upepo huitwa kwa kule unakotoka. Nusu ya darasa itageuza jambo hili isipolifanya kwa mikono.

Nawezaje kufundisha mwendo wa jua bila vifaa?

Fimbo ya mita moja, kamba yenye jiwe la kuinyoosha wima, na kiwanja. Hili ndilo zoezi tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu linapinga vitabu mbele ya macho ya wanafunzi.

Kwanza, saa. Afrika Mashariki inatumia saa ya longitudo 45 mashariki, lakini Kampala iko karibu 32.6. Tofauti ni digrii 12.4, na dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4, kwa hiyo jua hufika juu kabisa Kampala saa saba kasoro dakika kumi hivi. Hubadilika kwa mwaka: mwanzoni mwa Novemba ni kama saa sita na dakika 33, katikati ya Februari ni saa saba na dakika chache. Mwalimu anayewatoa wanafunzi nje saa sita kamili na kuwaambia kivuli hiki ndicho kifupi kuliko vyote anawafundisha kosa. Anza saa sita na dakika 20, wekeni kijiti kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano hadi saa saba na dakika 20. Kivuli kifupi kuliko vyote kinalala kaskazini-kusini halisi, bila dira.

Pili, upande. Tarehe 21 Juni jua liko kaskazini, na kivuli cha fimbo ya mita moja hapa Kampala huelekea kusini, sentimita 43 hivi. Tarehe 21 Desemba huelekea kaskazini, sentimita 44. Karibu na 21 Machi na 22 Septemba hakuna kivuli cha kupima. Mwanafunzi aliyekariri kwamba jua la adhuhuri liko kusini hupata somo lake hapo.

Tatu, mzingo wa dunia. Kampala na Gulu ziko karibu kwenye longitudo moja, na umbali wao kwa mstari ulionyooka ni kilomita 270 hivi. Elewaneni na shule ya huko mpime siku moja. Mwezi Juni fimbo ya mita moja itatoa kivuli cha sentimita 42.7 Kampala na 37.7 Gulu. Pembe za jua ni 23.1 na 20.7. Tofauti ni digrii 2.4 na ushei. Zidisha 270 kwa 360, gawanya kwa tofauti hiyo, na utapata karibu kilomita 40,000. Kosa la milimita moja kwenye ncha hubadilisha jibu kwa kilomita 800, kwa hiyo ncha yenyewe ndiyo ya kupigania. Ukingo wa kivuli una utando hafifu. Kubalianeni mapema kama mnapima mwisho wa giza au mwisho wa utando, na shule zote mbili zifuate hilo hilo.

Wanafunzi walikwenda Kayabwe wakaona maji yakizunguka tofauti pande mbili za ikweta. Niwaeleze nini?

Waeleze ukweli kwa upole: si mzunguko wa dunia unaofanya hivyo. Nguvu ya Coriolis ipo, na ndiyo inayopinda pepo na mikondo ya bahari, lakini hatua chache kutoka ikweta ni karibu sifuri, na ndani ya karai huzidiwa mbali na mwendo mdogo wa maji uliobaki baada ya kumiminwa. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, huko Marekani, alitumia tangi lenye upana wa futi 6, akaliacha maji yatulie saa 24, ndipo athari ikaonekana. Anayemimina maji karaini kwa mkono wa kulia upande mmoja na kushoto upande mwingine anaamua mwenyewe mzunguko. Mpe mwanafunzi karai hilo hilo shuleni, ajaribu kumimina kwa pande zote mbili. Ataona maji yanamtii yeye.

Kayabwe bado inastahili ziara. Wapime kivuli pale.

Milima na maziwa gani huchanganywa zaidi?

Rwenzori huitwa volkano katika nusu ya majibu. Si volkano: ni bloku la miamba ya kale lililoinuliwa kati ya falti (nyufa kubwa za ardhi), na kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Mkanganyiko unatokana na maziwa ya kreta yaliyo karibu, kuelekea Fort Portal na Katwe, ambayo ni ya volkano kweli. Elgon, mita 4,321, na Muhavura, mita 4,127, ni volkano. Kipimo kizuri ni kumuuliza mwanafunzi jiwe linasema nini: majivu na lava, au miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo?

Kwenye maziwa, waoneshe ramani ya Kyoga na ya Bunyonyi pamoja. Yote mawili yana vidole. Vidole vinamaanisha mabonde ya mito yaliyofurika, lakini chanzo ni tofauti. Bunyonyi lilizibwa na lava. Kyoga lilitokana na ardhi ya magharibi kuinuka ukingoni mwa Bonde la Ufa, mito kama Kafu na Katonga iliyokuwa ikielekea magharibi ikarudishwa nyuma. Ziwa Viktoria, kwenye kimo cha mita 1,134, limekaa kwenye bonde pana lililodidimia kutokana na mwinuko huo huo. Mwanafunzi akishika mwinuko huo mmoja, ameshika maziwa mawili na mito miwili. Asipoushika, atakariri vitu vinne vilivyotengana na kuvisahau vyote.

Ziara ya kimasomo bila basi inawezekana?

Inawezekana, na mara nyingi ni bora. Kijito kilicho mwendo wa dakika kumi kinatoa data zaidi ya safari ya siku nzima ambayo wanafunzi hulala kwenye viti. Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana vinatosha ikiwa mwalimu ametembea njia hiyo peke yake siku iliyotangulia, amemjulisha mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na kila kikundi cha watu sita kina kazi moja iliyoandikwa.

Kwa kijito: nyoosha kamba mita 10 kando ya maji. Pima upana, kisha kina mahali patano kwa umbali sawa, tafuta wastani. Tumia chungwa, maana huzama karibu lote na upepo haulisukumi kama kijiti. Lidondoshe juu kidogo ya mstari wa kuanzia, rudia mara tano. Tuseme upana ni mita 3.2, kina mita 0.4, na chungwa linachukua sekunde 16. Eneo ni mita za mraba 1.28, kasi ni mita 0.625 kwa sekunde. Maji ya juu huenda haraka kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha eneo kwa kasi, kisha kwa 0.85. Jibu: mita za ujazo 0.68 kwa sekunde.

Maji yasizidi magoti. Mvua ikinyesha mlimani, hakuna kuingia hata kama kwenu kuna jua. Kwenye fukwe za Viktoria, Albert na Naili kuna kichocho, kwa hiyo wanafunzi wabaki nchi kavu na anayeingia avae gambuti.

Kwa mahojiano, salamu za lugha ya mahali ziwe kabla ya hojaji. Maswali yasizidi manane. "Mvua zimebadilika?" huleta "ndiyo" kutoka kwa kila mtu. "Mwaka huu mama ulipanda maharage mwezi gani, na ulipokuwa umeolewa tu mlipanda mwezi gani?" huleta jibu lenye maana.

Nifundisheje maporomoko ya ardhi kwa watoto waliopoteza ndugu?

Zungumza nao kando kabla ya siku hiyo, uwape ruhusa ya kutoka, na usimlazimishe yeyote kusimulia. Nametsi huko Bududa, 1 Machi 2010; Bududa tena Oktoba 2018; Bulambuli Novemba 2024: kwa wanafunzi wa miteremko ya Elgon tarehe hizi ni za msiba. Usionyeshe picha za miili.

Kisha fundisha sababu kwa ukamilifu, kwa kuwa elimu hii inaweza kuokoa nyumba. Mteremko mkali, udongo mzito wa volkano wenye mfinyanzi mwingi, mvua ya siku nyingi inayoujaza maji hadi uwe mzito na kukosa mshiko, na mguu wa mteremko uliokatwa ili kusawazisha kiwanja cha nyumba. Dalili wazijue kwa mdomo: ufa mpya ardhini juu ya nyumba, chemchemi inayotokea mahali pasipokuwa na maji, miti inayoinama pamoja, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama. Usiwaache na jibu la "watu wahame" tu. Udongo huo huo ndio unaowapa ndizi na kahawa, na jibu linalopuuza hilo si la mtu aliyeijua jiografia ya mahali.

Msongamano wa watu: kwa nini majibu mawili tofauti yote yanaonekana sahihi?

Sensa ya Mei 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Ukigawanya kwa eneo lote la nchi, kilomita za mraba 241,551, unapata 190. Ukitoa maziwa na vinamasi vya kudumu, nchi kavu inabaki 200,523, na msongamano ni 229. Mwanafunzi aseme ametumia eneo lipi, basi.

Darasani tutumie Kiswahili?

Mtihani na vitabu ni vya Kiingereza, kwa hiyo maandishi yabaki hivyo. Lakini kueleza sababu kwa lugha ambayo mtoto anafikiria nayo si kosa, na Kiswahili, ambacho ni cha lazima kidato cha kwanza na cha pili, kina hazina ambayo mwalimu wa jiografia angeitumia. Kaskazi na kusi ni pepo kabla hazijawa pande za dunia: mabaharia wa pwani walisafiri na kaskazi tangu Desemba hivi, wakarudi na kusi. Ukitaja hilo, pepo za misimu hazihitaji tena mchoro mrefu. Masika na vuli pia yanaeleza mvua mbili za kusini mwa Uganda, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Waulize kwa nini majina hayo hayaikai Karamoja, yenye msimu mmoja mrefu.

Swali la mazingira halisi hutungwaje?

Liwe na mahali, mtu mwenye shida, na data ambayo bila kuisoma jibu haliwezekani. Kwa mfano: Mto Nyamwamba ulifurika Kasese Mei 2013 na tena Mei 2020. Familia inataka kujenga upya mita 40 kutoka ukingoni. Mpe mwanafunzi kipande cha ramani na mvua ya kila mwezi, aishauri familia. Kwenye usahihishaji, toa alama kwa kontua aliyoitaja, kwa mwezi aliousoma jedwalini, kwa sababu iliyounganishwa na mahali pale, na kwa ushauri ambao familia ingeumudu. Kama mwanafunzi anaweza kujibu vizuri bila kutazama ramani, swali lako halijakamilika; lirudie.

Nichoreje ramani ya Uganda ubaoni kwa dakika tano?

Chora kisanduku cha mraba, sentimita 60 kwa 60, ukigawe mara sita kila upande. Kila mraba ni digrii moja, na karibu ikweta digrii moja ni kilomita 111. Upande wa kushoto ni longitudo 29 mashariki, wa kulia 35. Chini ni latitudo 2 kusini, juu 4 kaskazini, na nchi huchungulia kidogo juu ya mstari huo. Ikweta iko sentimita 20 kutoka chini, ichore nzito.

Sasa tia nukta, ukipima sentimita kutoka kushoto kisha kutoka chini: Kampala 36 na 23, Jinja 42 na 24, Mbale 52 na 31, Gulu 33 na 48, Arua 19 na 50, Moroto 57 na 45, Hoima 23 na 34, Kasese 11 na 22, Mbarara 17 na 14, Kabale 10 na 7.5. Miji ikishakaa, mpaka huufuata wenyewe, na Ziwa Viktoria huchukua kona ya chini kulia. Mwite mwanafunzi apime Kampala hadi Gulu: takriban sentimita 25, yaani kilomita 270 na ushei kwa mstari ulionyooka. Halafu mwulize kwa nini basi husafiri zaidi ya 300.